Ufa kando ya braketi: kabla hujamwita jirani na mashine yake

Swali: "Fundi, salaam. Mimi ni Mkenya ninayeishi Coventry. Mwaka juzi nilinunua gari dogo la michezo la mtindo wa Lotus Seven, chesisi ya mabomba ya pembe nne, lililoundwa na mzee mmoja nyumbani kwake. Nalipeleka uwanjani siku za kukimbiza magari, na mwaka jana nililivisha matairi laini ya mashindano. Juzi nikiliosha nimekuta ufa wa kama sentimita 2 kwenye bomba la chini, upande wa kushoto, kando ya braketi inayoshika mguu wa nyuma wa mkono wa chini wa saspensheni ya mbele. Jirani ana mashine ya kuchomelea ya MIG, ile inayosukuma waya yenyewe. Anasema atapitisha moto juu ya ufa, kisha abandike bamba la milimita 3, kazi ya nusu saa. Rafiki mwingine anasema chesisi imekwisha, niitupe. Nimsikilize nani? Msimu unaanza Aprili."

Kaka, salaam nyingi. Kati ya hao wawili hakuna aliyelenga, ila jirani ndiye atakayekuumiza mapema. Kwanza gari lisitoke hapo lilipo, hata kwenda kununua maziwa. Mkono huo wa chini ni kama herufi A: ncha inashika gurudumu, miguu miwili inashikwa kwenye chesisi, na braketi unayoisema ndiyo inayobeba gurudumu la mbele unapokanyaga breki. Bomba likikatika hapo, gurudumu linarudi nyuma na usukani unabaki pambo.

Nitajibu kwa urefu, maana ulichouliza si swali la kuchomelea. Kuchomelea kunakuja mwisho, na kwa fundi aliyezoea ndiyo sehemu nyepesi. Swali lenyewe ni kwa nini bomba limepasuka hapo, si sentimita 20 mbele wala nyuma yake. Ukichomelea kabla ya kulijibu hilo, utakuwa umeuhamisha ufa tu.

Watu hupenda kueleza uchovu wa chuma kwa mfano wa waya unaokunjwa na kukunjuliwa hadi unakatika. Mfano huo unapotosha. Waya ule unauona ukikunjika. Bomba lako halijakunjika hata siku moja: lilibeba mzigo mdogo kuliko ule wa kulipinda, likarudi mahali pake, likabeba tena, na tena, mara nyingi mno. Mjerumani August Wöhler aliliona jambo hili katika karne ya 19 alipokuwa akizipima ekseli za mabehewa ya reli. Ekseli ambayo haikuzidishiwa mzigo ilikatika, na kilichoikata ni kule kurudiarudia kwa mzigo. Ndiyo maana huwezi kusema "lakini mimi sijawahi kugonga kitu". Hukuhitaji kugonga.

Ufa wa namna hii huanzia ukingoni mwa mshono, pale chuma kilichoyeyuka kinapokutana na kile ambacho hakikuyeyuka. Hapo pana kijifereji chembamba, chuma kimebadilika kwa joto, na mshono ulipokuwa ukipoa ulijivuta ukaacha mvutano ndani yake. Kwa hiyo ufa hauhitaji mwaliko mkubwa. Kuna mtu atakushauri ubadilishe bomba uweke chuma ghali cha 4130, kile cha kromu na molibdeni wanachotumia kwenye ndege ndogo. Usimsikilize kwa hili. Chuma hicho kina nguvu zaidi ya kustahimili kupindika, lakini mshono wake ukichoshwa hauishi muda mrefu kuliko mshono wa chuma cha kawaida kwa mkazo uleule. Wanaokitumia wanafaidika kwa kupunguza unene wa bomba na uzito. Wewe huna haja hiyo.

Sasa tuje kwenye chesisi yenyewe. Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alipoitoa Lotus Seven mwaka 1957, wazo la mabomba membamba lilikuwa limeshazoeleka kwenye magari ya mbio. Mercedes-Benz 300 SL ilikuwa na kimia cha namna hiyo, na milango yake ilifunguka kwenda juu kwa sababu mabomba yalipita juu sana ubavuni, mlango wa kawaida usingepata pa kukaa. Maserati Tipo 61 ilifumwa kwa mabomba madogo yapatayo 200 hadi watu wakaiita kizimba cha ndege. Wazo lao wote ni moja: kila bomba lisukumwe au livutwe kwa urefu wake, lisikunjwe. Bomba ni hodari sana likivutwa. Likisukumwa ubavuni katikati ni dhaifu, kama ufito wa paa. Kwa hiyo mizigo yote inapaswa kuingia kwenye mafundo, yaani pale mabomba yanapokutana.

Soma tena barua yako. Umeandika "kando ya braketi", hukuandika "kwenye kona". Picha uliyoniambatishia inaonyesha braketi imekaa peke yake ubavuni mwa bomba, kama milimita 60 kutoka kwenye fundo. Mzee aliyeliunda gari aliiweka pale saspensheni ilipotaka, na fundo likabaki kwingine. Hapo ndipo ugonjwa ulipo.

Nikupigie hesabu ndogo. Tuseme bomba ni la milimita 25 kwa 25, unene 1.6, na urefu wake kutoka fundo hadi fundo ni milimita 400. Ukikanyaga breki kwa nguvu, mguu wa nyuma wa mkono wa chini unaisukuma braketi kwenda ndani ya gari. Tuseme kwa nyutoni 3,000, ambazo ni kama uzito wa kilo 300. Nguvu hizo zingepita kwenye bomba kama hilo kwa urefu wake, mkazo ungekuwa kama megapaskali 20, ambazo bomba halizisikii. Zikilisukuma ubavuni, milimita 60 kutoka kwenye fundo, mkazo unafika kati ya 120 na 140. Nguvu ni zilezile, chuma ni kilekile, mkazo umepanda mara 6 au 7. Umri wa mshono nao haupungui kwa kiasi kilekile, unapungua kwa kipeo cha tatu: mkazo ukiongezeka maradufu, umri unabaki sehemu moja ya nane. Piga 6 kwa 6 kwa 6 uone.

Kanuni hiyohiyo inaeleza yale matairi laini. Yakikuongezea nguvu za breki kwa theluthi moja tu, umri wa mshono ule unashuka chini ya nusu. Simlaumu sana yule mzee. Kwa matairi ya barabarani na mwendo wa Jumapili, chesisi yake ingeweza kuzeeka salama. Wewe ndiye uliyeipandishia kodi.

Haya, tuingie gereji.

Usianze kwa grenda, wala usiipeleke ikapigwe mchanga. Vyote viwili vinaburuta chuma laini na kukilaza juu ya ufa, halafu unaangalia unaona bomba zima. Toa rangi kwa dawa ya kuondoa rangi na brashi. Kama gari lilipakwa rangi ya unga iliyookwa, jihadhari: ni ngozi nene inayonyumbulika, na ufa unaweza kukaa chini yake muda mrefu bila kuonekana. Kinachoutoboa siri huwa ni mstari mwembamba wa kutu unaotoka chini ya rangi kama chozi. Piga picha ya mstari huo kabla hujausafisha, kwa sababu unakwambia umri. Ufa uliojaa kutu ya kahawia toka mwanzo hadi mwisho ni wa siku nyingi. Ukiona kutu mwanzoni na mng'aro ncha ya mwisho, ujue bado unatembea.

Halafu nunua makopo matatu ya kupimia nyufa: kisafishio, rangi nyekundu na unga mweupe wa kupuliza. Safisha, acha pakauke kabisa, paka nyekundu, subiri dakika 15. Sasa ifute, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: pulizia kisafishio kwenye kitambaa, si kwenye bomba. Ukipulizia bomba moja kwa moja unaiosha rangi iliyokwisha kuingia ndani ya ufa, kisha unajipongeza kwamba hapana kitu. Puliza ule mweupe kwa wepesi, ungoje dakika 10. Ufa utajichora mwenyewe kwa mstari mwekundu, na mara nyingi utakuta sentimita zako 2 zimekuwa 3. Macho hayaoni mwisho wa ufa. Nataka sana kujua kama umepiga kona na kuingia upande wa pili wa bomba, kwa sababu upande mmoja ni robo tu ya mzunguko, lakini ukishapiga kona, kazi iliyoubakia ufa kulikata bomba ni ndogo.

Fanya hivyohivyo upande wa kulia, mahali palepale. Mzee aliunda pande mbili kwa kipimo kimoja, kwa hiyo ulemavu ni pacha. Pima pia braketi za injini, za juu ya shokapu, za difu, na zinaposhikwa mikanda ya viti. Ukikuta ufa kwenye bomba la kulinda kichwa au penye mkanda wa kiti, acha hapohapo, usijaribu nyumbani. Peleka kwa watu wanaotengeneza vizimba vya magari ya mbio, wabadilishe bomba zima.

Angalia na matundu ya ribiti. Bamba la alumini la sakafu limepigwa ribiti kwenye mabomba ya chini, na kila tundu ni mwanzo mzuri wa ufa. Ni kwa sababu ya matundu kama hayo huwezi kuiga ujanja wa Porsche 917. Wajerumani wale waliijaza gesi chesisi yao ya mabomba ya alumini na kuweka kipimo. Sindano ikishuka, kuna mshono umepasuka mahali. Nimewahi kumwona mtu akijaribu hilo kwenye gari la mtindo wa Seven kwa pampu ya baiskeli. Tulicheka wiki nzima.

Kabla ya moto wowote, kuna jambo moja la kuhakikisha: mishono ya gari lako iliunganishwa kwa nini? Kwaruza rangi kwenye fundo lolote. Ukikuta chuma cheupe, ni MIG au TIG (ile ya ufito unaoshikwa kwa mkono), tunaendelea. Ukikuta rangi ya njano ya dhahabu, chesisi iliungwa kwa fito za shaba kwa moto wa gesi, kama zilivyoungwa chesisi nyingi za Kiingereza za zamani. Hiyo ni kazi safi kabisa, ila haichanganyiki na kuchomelea kwa umeme. Ukipiga TIG au MIG juu ya shaba, shaba inayeyuka na kupenya kati ya chembe za chuma, na chuma kinapasuka kikiwa bado chekundu. Chesisi ya shaba hutengenezwa kwa shaba. Kwa gari la mtu aliyeliunda nyumbani natarajia utakuta MIG, lakini kwaruza uone.

Tuseme ni chuma kwa chuma. Mafundi wengine watakwambia uchimbe ufa kwa umbo la herufi V, ujaze, basi. Hilo nalikubali pale ufa ni mfupi na umebaki ndani ya mshono wenyewe. Kuna pia desturi ya kutoboa tundu la milimita 3 kwenye ncha ya ufa ili usiendelee. Ni huduma ya kwanza, na mara nyingi tundu linatobolewa pale macho yanapoona mwisho, wakati ncha ya kweli iko milimita 2 au 3 mbele yake. Kwako wewe, bomba jembamba, ufa uliokwisha kutoka kwenye mshono, tena jirani na braketi yenye mzigo, mimi ningekata kipande chote nikaweka kipya. Bomba la namna hii ni rahisi. Usilihurumie.

Toa injini. Ikiwa ndani, chesisi inalala kidogo, na utaichomelea ikiwa imelala. Weka gari juu ya stendi nne zilizo sawa, pima mishazari kutoka kona hadi kona, andika ukutani. Kisha tengeneza jigi: kipande cha chuma cha engo kilichofungwa kwa bolti kwenye braketi zote za mikono ya chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Jigi ifungwe kabla ya kukata. Braketi hizo ndizo zinazoamua gurudumu lielekee wapi, na mshono ukipoa unavuta. Bila jigi utamaliza na kazi nzuri ya macho na gari linalovuta kushoto maisha yake yote.

Fundo la karibu liko milimita 60 tu, kwa hiyo usijaribu kuunga katikati hapo. Litoe bomba hadi kwenye fundo lenyewe, na upande wa pili likate milimita 120 hivi kupita braketi, kwa mshazari wa nyuzi 30 hadi 45. Mshono uliokata bomba wima unaweka udhaifu wote kwenye mstari mmoja. Wa mshazari unautawanya. Ndani ya kiungo hicho weka shati, yaani bomba la ndani linalobana. Hutapata la kununua linaloingia sawasawa, maana nafasi ya ndani ni milimita 21.8, na la milimita 20 litachezacheza. Kunja mawili ya umbo la U kwa bamba la 1.6, uyatie yakiangaliana, yaingie milimita 40 kila upande wa mkato. Bomba la kawaida lina mshono wa kiwandani kwa ndani, usugue kwa tupa kwanza. Toboa matundu ya milimita 7 kwenye bomba la nje, mawili kila uso, uyajaze ili shati lishikwe. Acha mwanya wa milimita moja na nusu kwenye mkato, moto ulifikie shati.

Sasa braketi mpya. Bomba linakunjwa kwenda ndani na nje ya gari, kwa hiyo nyuso zake mbili za wima ndizo zenye mkazo mkubwa. Ule wa juu na ule wa chini, katikati yake, hausikii chochote. Mzee aliichomelea braketi yake kwenye uso wa nje, kwa mshono wima uliokata bomba, yaani mahali pabaya kuliko pote. Wewe tengeneza braketi inayolikumbatia bomba juu na chini kama tandiko la punda, mishono yake ipite katikati ya uso wa juu na wa chini, kwa urefu wa bomba. Miisho ya tandiko iwe imechongoka, isiwe mraba.

Lakini tandiko peke yake halitoshi, kwa sababu bomba bado linakunjwa. Braketi huwezi kuihamisha, saspensheni itaharibika. Basi kama braketi haiwezi kwenda kwenye fundo, fundo liende kwenye braketi. Ukikanyaga breki, mguu wa nyuma wa kushoto unasukuma ndani na wa kulia unasukuma ndani vilevile. Weka bomba moja la kuvuka kutoka braketi hii hadi ile, chini ya injini, na misukumo hiyo miwili itakutana humo na kumalizana. Kwenye kona mizigo ya pande mbili hailingani, kwa hiyo ongeza mshazari mmoja sakafuni kutoka braketi ya kushoto hadi fundo la nyuma la upande wa kulia, kama sampu ya injini, yaani bakuli la oili chini yake, inaruhusu. Fanya bomba la kuvuka liwe la kufungwa kwa bolti za M8, la sivyo siku ya kutoa injini utalilaani jina langu. Mahali bolti inapopita, chomelea kijibomba kinachovuka unene wote, bolti isiliminye bomba.

Kwenye kuchomelea kwenyewe, mashine ya TIG, gesi ya argoni, ufito wa ER70S-2 wa milimita 1.6, ampea 55 hadi 65. Simchukii MIG, magari mengi ya namna hii yamejengwa kwa MIG na yanatembea. Tatizo lake kwenye bomba jembamba ni mwanzo wa mshono: waya unaanza kujaa kabla bomba halijapata joto, na unapata mshono mnene unaopendeza, uliolala juu bila kushika. Mshono unaoanza hivyo kando ya braketi ni ufa uliokwisha kuzaliwa. Chomelea vipande vifupi, ukibadilisha pande, uache papoe kwa hewa tulivu. Usimwagie maji, na funga mlango kama kuna upepo. Toboa tundu la milimita 3 kwenye kila bomba lililofungwa pande zote, vinginevyo hewa ya ndani ikipata joto itausukuma nje ule mshono wa mwisho usoni pako. Baadaye uzibe kwa ribiti na gundi ya kuzuia maji.

Baada ya hapo usiusawazishe mshono kwa grenda ukawa bapa, utalipunguza bomba. Lainisha ukingo tu, kwa kijiwe kidogo, na mikwaruzo iende kwa urefu wa bomba.

Usalama nisiupitie juujuu kwa jambo moja. Betri, oltaneta na kompyuta ya injini uvichomoe, tangi la petroli litoke nje ya gereji, hayo unayajua. Usilolijua pengine ni kwamba baadhi ya visafishio vya breki vina klorini, na mabaki yake yakikutana na moto wa kuchomelea yanazaa fosijeni, gesi ya sumu iliyotumika katika Vita Kuu ya Kwanza. Soma kopo. Kama imeandikwa chochote cha kloro, kisikaribie kazi hii.

Sasa bamba la jirani. Nilijifunza kuchomelea Changamwe, Mombasa, kwenye yadi ya kutengeneza matrela ya makontena. Kulikuwa na trela moja lililorudi mara tatu kwa miezi michache, kila safari na ufa mpya. Nilipolipangusa nikakuta bamba, mbele yake bamba jingine, na ufa umekaa mwishoni mwa la pili, umenyooka kama umepigwa rula. Mzee aliyekuwa akitusimamia aliniita, akaweka kidole palepale bamba linapoishia, akaniuliza: "Hapa chuma kinene kinakutana na chembamba. Wewe ungekuwa mzigo, ungekunjia wapi?" Mabamba yake yeye aliyakata mkia wa samaki, ncha zimechongoka, ili unene upungue polepole. Hakuruhusu kamwe mshono kukatisha upande wa mzigo.

Bamba la milimita 3 juu ya bomba la 1.6 ni ukuta. Sehemu hiyo haitapasuka tena, hilo jirani yuko sahihi. Itapasuka pale bamba linapoishia, kama lile trela.

Na yule wa kuitupa? Angekuwa na hoja kama ungekuta nyufa katika sehemu nne au tano zisizohusiana, au kama mabomba yameoza kwa ndani. Pigapiga mabomba ya chini kwa nyundo ndogo, usikilize yanapobadilisha sauti, kisha bonyeza hapo kwa msumari wenye ncha. Msumari ukizama, usinunue fito za ER70S-2, nunua chesisi. Ufa mmoja, au miwili pacha, yenye sababu inayojulikana, ni matengenezo ya kawaida.

Kazi ikiisha, pima tena mishazari ile uliyoandika ukutani, peleka magurudumu yakapimwe uelekeo, na pima upya kwa yale makopo matatu kabla ya rangi. Rangi iwe ya kijivu cheupe, nyembamba, isiyookwa. Weusi unapendeza, lakini unaficha. Mimina nta ndani ya mabomba. Uwe unajua pia kwamba mkaguzi wa MOT, ule ukaguzi wa magari wa huko Uingereza, huangalia hali ya chuma ndani ya sentimita 30 za kila mahali saspensheni inaposhika, kwa hiyo mweleze ulichofanya na umwonyeshe picha. Siku ya kwanza uwanjani piga mizunguko 10, rudi, lala chini ya gari na tochi. Fanya hivyo tena jioni. Mara ya pili unaweza kunywa chai kwanza.

Aprili inawezekana ukianza wiki hii. Kabla hujamwita mtu yeyote, nitumie picha ya braketi ya kulia baada ya kupuliza ule unga mweupe, na nyingine ya chini ya injini inayoonyesha nafasi kati ya sampu na sakafu. Hiyo ya pili ndiyo itakayoamua kama bomba la kuvuka litapita limenyooka au itabidi tutafute njia nyingine.